Udaktari kwa njia ya Marekani: aanzie shahada kule, au amalize MD hapa kwanza?

BabaNeema (Morogoro), Septemba 2024

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), Division One ya pointi 4. Kachaguliwa MD, shahada ya udaktari, hapa nyumbani na siku za kuthibitisha zinakwisha. Sasa mwalimu wake wa Biolojia kamjaza moyo aombe vyuo vya Marekani, kwamba kule wenye alama kama zake wanasomeshwa bure mpaka udaktari. Nyumba imegawanyika. Mama yake anasema moja shika, si kumi nenda uje. Mimi nimekaa katikati.

Njia ipi ina akili? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo tafadhali msinipigie hesabu za mabwanyenye.

ZamuYaUsiku

Mkuu hongera kwa binti. Tuanze na kosa ambalo karibu kila mzazi analo. Marekani mtu hatoki kidato cha sita akaingia moja kwa moja udaktari, ukiacha programu chache sana za kuunganisha ambazo mgeni ni nadra kuzipata. Anasoma kwanza shahada ya miaka 4, ya chochote, hata historia, mradi ndani yake achukue biolojia, kemia, fizikia na biokemia. Kisha anafanya mtihani wa MCAT, ndipo aombe shule ya udaktari, miaka 4 mingine. Baada ya hapo ubingwa: miaka 3 kwa tiba ya ndani au watoto, 7 kwa upasuaji wa ubongo. Kwa hiyo ukiniuliza, mkononi ana MD, na huko anakotamani anapewa shahada ya kwanza pamoja na matumaini.

Mimi nilipita mlango wa nyuma. MD hapa miaka 5, utarajali mwaka 1, halafu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani. Step 1, ya kwanza kati yake, niliifanyia Nairobi. Ni maswali yanayofika 280 ndani ya saa 8, na siku nzima una dakika 45 tu za kupumzika, unazigawa mwenyewe. Nilikula chapati nimesimama mbele ya kabati la kuwekea simu, mlinzi ananitazama, kisha nikageuza mifuko nje kupekuliwa upya ndiyo nirudi kwenye kiti. Mtihani mmoja ulikuwa kama dola 1,000, na kulikuwa na nyongeza ukiufanyia nje ya Marekani. Nilikopa SACCOS, na mdogo wangu akauza pikipiki yake. Mpaka leo ananikumbusha.

Usidhani mlango huu ni mteremko. Tangu Januari 2022 Step 1 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama inayokubeba ni ya Step 2 CK, mtihani unaofuata. Kwenye ule mgao wa nafasi za ubingwa, Match, sisi tuliosoma nje na si raia tunaopata ni karibu 6 kati ya 10. Ngozi na mifupa usiote. Tiba ya ndani, familia, watoto na patholojia ndiko wanakotupokea. Lakini ukishapata, unalipwa: mshahara wa kuanzia hupita dola 60,000 kwa mwaka, hudaiwi ada hata senti.

Jambo moja vijana hulisahau. Ukienda kwa viza ya J-1 unatakiwa uwe na barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako kusema kwamba inauhitaji ubingwa unaokwenda kuusomea. Ukimaliza, unarudi nyumbani miaka 2, au ufanye kazi miaka 3 kwenye eneo lao lenye upungufu wa madaktari ndipo usamehewe.

Ngamia_Mpole

Miaka 5 + 1 + mitihani + 3. Upande wa pili 4 + 4 + 3, na kabla ya hapo mwaka mzima wa kuomba. Mzee, njia zote mbili wajukuu watazaliwa hajamaliza.

Mtoro_wa_Minnesota

Shikamoo Baba Neema. Mimi ndiye niliyekwenda njia anayoitamani binti yako, ngoja nieleze ilivyokuwa.

Nilipata ufadhili kamili kwenye chuo kidogo cha shahada ya kwanza. Ada, chakula, bweni, tiketi, hadi hela ya koti la baridi. Kwa hiyo mwalimu wake hakudanganya, amekosea mahali pa kusimama tu. Ule ufadhili unaishia kwenye shahada ya kwanza.

Mwaka wa tatu nikaenda kwa mshauri wa wanaotaka udaktari. Akafungua jedwali lenye shule zote za MD, zaidi ya 150, akaanza kufuta mstari mmoja mmoja nikiwa nimekaa pembeni yake. Hii haichukui mgeni. Hii inachukua Mkanada tu. Hii inachukua, ila inataka uweke benki ada ya mwaka mzima, hii ada ya miaka yote minne, kwenye akaunti maalumu kabla hujaanza. Zinazopokea wageni ni kama 50, na alipomaliza kufuta zile nisizoweza kuzilipia, iliyobaki niliihesabu kwa vidole. Kwenye shule nyingi za binafsi, ada na kuishi hupita dola 80,000 kwa mwaka. Mikopo ya serikali yao si ya mtu wa F-1, viza ya mwanafunzi, na benki zinataka mdhamini ambaye ni raia. Mimi ningemtoa wapi?

Niliomba hizo chache, sikupata. Nikageukia PhD, kwa sababu huko chuo kinakulipia ada na kukupa posho hata kama ni mgeni. Sasa nafanya utafiti wa malaria. Mama bado ananitambulisha kanisani kama daktari, na kweli nitakuwa, ila si yule anayemfikiria.

Sijutii. Ila kama mtu anataka kutibu watu, na MD anayo mkononi, simshauri aiachie.

Kijana_wa_Eldoret

Mnamtisha mzee. Huku Kenya KenSAP, mpango wa kuwaandaa wanafunzi wenye alama za juu, imekuwa ikipeleka watoto wa familia za kawaida kwenye vyuo vikubwa vya Marekani tangu 2004, na wapo waliofika udaktari. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin haviangalii mfuko wa mwombaji wa nje wakati wa kumchagua, na wakimchukua wanaziba pengo lote la fedha. Mtoto wa aina hiyo akifanya vizuri kule, hata shule ya udaktari itamwona.

ZamuYaUsiku

Itamwona, sikatai. Lakini umetaja vyuo vinavyokataa zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaoomba. Na hao watoto wenu hufundishwa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule, na insha kwa miezi kabla ya kutuma chochote. Neema anaanza Septemba, maombi mengi yanafungwa mwanzoni mwa Januari.

BiShuwena

Naona hamjagusa kitu kinachomhusu wiki hii. Mimi nafundisha sekondari na nimeandika barua nyingi za kuwapendekeza wanafunzi huko. Baba Neema, akishaanza MD hapa halafu aombe Marekani mwakani, vyuo vingi vitamhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, si wa mwaka wa kwanza. Ufadhili wa wanaohamia, hasa wageni, ni mchache mno. Kwa hiyo ile ya kusema aanze hapa huku akijaribu kule haipo kama watu wanavyodhani. Ama akae nyumbani mwaka mmoja aombe kwa nguvu zote, ama athibitishe MD aifunge hiyo milango, afungue ya Zamu baadaye.

Na kabla hujamlipa wakala yeyote: EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanaotaka kusoma kule, wana washauri kupitia ubalozi Dar, ushauri ni bure. Mpwa wangu alimlipa wakala mmoja mjini shilingi milioni moja na nusu, akaletewa barua ya udahili ya chuo ambacho hakuwahi kukiomba, haina ufadhili wowote.

Tena aangalie Samia Scholarship, ipo kwa waliofanya vizuri sana kwenye tahasusi za sayansi. Kwa pointi 4 asipuuze.

BabaNeema

Bi Shuwena, hilo la kuhamia ndilo limenikalisha chini. Ada ya viza nayo ni kiasi gani, kama tungekwenda huko?

Mtoro_wa_Minnesota

Mwaka huu wa 2024 ni dola 185 ya viza na 350 ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na hizo zinalipwa kabla ya usaili. Ukinyimwa hazirudi.

BabaNeema

Nimemsomea majibu yote baada ya chakula. Mama yake alikuwa anatikisa kichwa kila Zamu alipotajwa, kama vile anamjua. Neema hakusema kitu mpaka mwisho, kisha akaniambia nimuulize Mtoro swali moja: huko kwenye malaria, huwa unaona wagonjwa?

Mtoro_wa_Minnesota

Hapana, mdogo wangu. Naona mbu.

BabaNeema

Amethibitisha saa tatu na robo usiku huu. Namba ya siri ilichelewa kuingia kwenye simu, tukatoka nje wote watatu kutafuta mtandao pale kwenye mwembe. Zamu, nitakutafuta inboksi baada ya miaka mitano, usibadilishe jina.