Tupeane uzoefu: Waliowahi kuruti simu za zamani kwa programu za "bonyeza mara moja", nini kilifuata?

Wakuu, salaam kutoka Arusha. Mimi ni fundi simu. Hapa Kilombero bado naletewa Android 4 na 5, mteja anataka programu zilizokuja na simu zitoke ili apate nafasi. Wengine wameshasikia kuna programu unabonyeza kitufe kimoja tu, simu imeruti, yaani imefunguliwa mamlaka ya juu kabisa ya kugusa hata mfumo wenyewe. Kazi hiyo siku hizi siigusi, ila nataka kusikia yaliyowakuta. Taja toleo la Android na kilichofuata. Za kusimuliwa kijiweni tuziache.

Mangi_Mbuyuni: Naanza na upande mzuri, maana najua uzi utajaa vilio. Simu yangu ilikuwa na GB 4, mfumo wenyewe umekula zaidi ya nusu, WhatsApp ikitaka kusasishwa inagoma. Nikairuti, nikaweka Link2SD, programu zikahamia memori kadi. Ilinivusha miaka. Laini ya pesa lakini sikuwahi kuiweka humo.

Chalii_Ngarenaro: Ya sista ilirutiwa na kijana wa mtaani. Wiki haijaisha, matangazo yanajifungua yenyewe, bando la asubuhi mchana halipo. Ukifuta hiyo michezo ya ajabu, ukiwasha simu imerudi. Tukairesti kabisa. Ikarudi tena!

Mleta uzi: Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, chalii yangu. Resti inafuta vitu vyako, sehemu ya mfumo haiigusi. Programu ikishapata ruti inaweza kujipandikiza humo humo kwenye mfumo, kwa hiyo resti inaipita tu. Hiyo ni ya kuflashi, yaani kuuandika mfumo wote upya, kwa faili halisi la modeli hiyo, si faili la kuokotaokota mtandaoni.

Fundi_Njiro: Niliyojaribu mimi ilikuja na meneja wake wa ruhusa. Nikataka kuweka SuperSU, meneja mwingine wa ruhusa za ruti, badala yake, ikang'ang'ania. Ni sawa na fundi kufuli aliyekufungulia mlango halafu ufunguo kabaki nao. Nani anapewa ruti na nani ananyimwa, anaamua yeye, na wewe humjui.

Mwl_Pasua: Samahani, swali la mwalimu. Kitufe kimoja kinawezaje kufanya yote hayo?

Mleta uzi: Shikamoo mwalimu. Kinatumia tundu la usalama kwenye mfumo. Mfano Towelroot ya George Hotz, iliyotoka Juni 2014, ilipitia kosa la kernel ya Linux, kile kiini cha Android, linaloitwa CVE-2014-3153. Sasa angalia: Novemba 2016 kampuni ya usalama wa mtandao Check Point walitangaza kirusi Gooligan, kilichoingilia akaunti za Google zaidi ya milioni 1, kwenye Android 4 na 5 hizi hizi. Tundu mojawapo kilichopitia ni hilo hilo la Towelroot! Kwa hiyo simu ikikubali kuruti kirahisi namna hiyo, imekwambia kwamba haijazibwa. Hata usipoiruti wewe, programu ya hovyo uliyopakua nje ya Play Store inaweza kuiruti kimyakimya.

Sakina_Mjanja: Acheni woga. Nimeruti yangu, nimeruti ya wife, tunadunda.

Chalii_Ngarenaro: Wife anajua? 😂

Sakina_Mjanja: Aliuliza tu kwa nini programu ya benki inakataa kufunguka.

Mangi_Mbuyuni: Ndiyo hivyo, nyingi zikinusa ruti zinagoma.

Mwl_Pasua: Marahaba fundi. Mzee wangu yuko Machame na Android 4.4, haijarutiwa. Anapokelea hela humo humo. Nimnyang'anye?

Mleta uzi: Usimnyang'anye mwalimu. Laini ya pesa ihamie kwenye kitochi, maana kirusi kikipata ruti kinasoma hata meseji. Akaunti ya Google itoe kwenye hiyo simu, nywila ibadilishie kwenye simu nyingine. Zima ile ruhusa ya kuweka programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Abaki na redio na picha za wajukuu.

Watu wa Usa River na Tengeru mbona kimya? Leteni zenu.