Naomba ushauri: nianze na filamu ipi ya noir kwa vijana?

Habari zenu wakuu. Jumamosi huwa nawaonyesha vijana wa mtaani kwetu filamu za zamani. Sasa nataka kuwaletea zile za uhalifu za Hollywood, wanazoziita noir, za vivuli vingi na moshi wa sigara. Kinachonisumbua ni kwamba humo mtu mweusi mara nyingi ni mhudumu au mbeba mizigo, hata jina hana.

Kuna kipande cha Out of the Past (1947) kinanigusa sana. Mpelelezi anaingia klabu ya weusi, anamkuta mwigizaji mweusi Theresa Harris amekaa na mwenzake, kapendeza, anamjibu kwa utulivu bila kujishusha. Dakika chache tu, kisha hatumwoni tena. Inaniuma kwa kweli.

Nimefikiria No Way Out (1950), mwigizaji mweusi Sidney Poitier akiwa daktari, ila matusi ya kibaguzi humo ni mazito mno. Au nianze na Odds Against Tomorrow (1959) ya Harry Belafonte, naye mweusi? Na Touch of Evil (1958), Mzungu Charlton Heston kapakwa rangi aonekane Mmeksiko, niionyeshe au niiache?

Wengi wana miaka 15 hadi 17. Mliowahi kuzitazama na vijana, mlianzia wapi?