Mrejesho: michango ya timu yetu ya mtaani

Wakuu, niliomba ushauri namna ya kukusanya michango ya timu yetu hapa Temeke bila ugomvi, maana daftari la mweka hazina lilizua maneno kila mwezi. Mkasema tuchukue Lipa Namba, yaani namba ya kupokea malipo kwa simu, na hesabu ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Tumefanya. Kila Jumapili jioni mweka hazina anatuma skrinishoti ya miamala na salio, mwenye swali anauliza palepale. Wazee wasio na simu janja tunawabandikia karatasi kwenye kijiwe cha kahawa, na kwa kweli hilo ndilo lililotuliza mtaa. Mipira miwili imeshanunuliwa, jezi bado. Asanteni sana, mmetuokoa.