Mjadala: Je, ni sawa kumjaribia mjamzito tiba ya jeni ili mtoto akue tumboni?

Mwanzisha mada: Wadau, kuna mimba ambazo kondo la nyuma halipati damu ya kutosha na mtoto anadumaa tumboni. Dawa hakuna. Daktari anapima kwa ultrasaundi, anapiga hesabu: aendelee kukaa ndani afie humo, au atolewe njiti wa nusu kilo?

Profesa Anna David wa University College London na wenzake, kupitia mradi wa EVERREST ulioanza 2013 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, wana njia nyingine. Wanachukua adenovirusi, jamii ya virusi vya mafua, wanaiondolea uwezo wa kuzaliana, wanaipakia jeni ya VEGF (protini inayochochea mishipa ya damu kukua na kutanuka) na kuidunga kwenye mishipa inayolisha mji wa mimba. Kwa kondoo damu iliongezeka, na wanakondoo waliodumaa wakakua vizuri zaidi.

Mimi naunga mkono ijaribiwe kwa binadamu. Anayedungwa ni mama, si mtoto.

Dada wa Leba: Kaka, hapo hapo kwenye "ni mama" ndipo penye shida. Wapo wenye presha ya mimba, lakini wengine wanakuja kliniki wazima kabisa. Unamtia hatarini mtu asiyeumwa. Halafu mmesahau sildenafil, ile ile Viagra? Nayo walipewa wajawazito wenye tatizo hili hili, eti ifungue mishipa. Uholanzi waliusitisha utafiti Julai 2018: upande wa dawa watoto 17 walipata matatizo ya mapafu, 11 wakafa. Na hicho ni kidonge, unaacha kumeza. Kirusi ukishadunga unakitoaje?

Idhini nayo! Nimesimama wodini na zile karatasi. Mama akishaambiwa mwanawe huenda asifike wiki ijayo, anasaini hujamaliza ukurasa wa kwanza.

Mwanzisha mada: Dada, jeni hii haikai milele, inafanya kazi kwa muda kisha inazimika. Na ya Uholanzi iligundulika kwa sababu kulikuwa na kundi la kulinganisha na watu waliokuwa wakikagua matokeo. Huko nje ya utafiti nani angehesabu? Ila kwenye saini umenibana. Labda maelezo yatolewe na mtu asiye wa timu ya utafiti, na mama alale nayo walau usiku mmoja.

Dada wa Leba: Alale nayo akiwa na nani pembeni, mume au mama mkwe? Waliowahi kulea njiti waje watuambie wao wangesaini.