Naomba ushauri: bosi anataka pampu mpya, mimi naona tatizo ni tenki la presha

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi mkuu wa matengenezo kwenye jengo la ghorofa sita hapa Dar. Jenereta, lifti, viyoyozi, maji, vyote viko mikononi mwangu na vijana wangu.

Kinachoninyima usingizi ni pampu ya kupandisha maji. Juu ya paa hatuna simtanki, kwa hiyo maji yote yanategemea pampu. Mtu akifungua bomba kidogo tu inawaka, sekunde chache inazima, inawaka tena. Kontakta (swichi kubwa ya umeme ya pampu) imeshaanza kuungua. Nilipobonyeza valvu ya upepo kwenye tenki la presha (lina mpira wa maji ndani na upepo kuuzunguka, ili pampu isiwake kila mara) yakatoka maji badala ya hewa, maana yake mpira wa ndani umepasuka. Pampu yenyewe haina kelele wala haivuji.

Nimependekeza tubadilishe mpira, tujaze upepo wa presha ya baa 2.8 kwa sababu swichi ya presha inawasha pampu kwenye baa 3, basi. Bosi kashaongea na muuzaji, anataka pampu mpya. Sasa ikifungwa kwenye tenki hilo hilo bovu si itakufa vilevile? Na ikifa Jumapili usiku, atakayepigiwa simu ni mimi.

Mliowahi kukwama hapa, mlimwandikiaje bosi ripoti akaelewa bila kuona unambishia? Halafu, kwa tenki la lita 300 ambalo limeanza kutu kwenye flanji (bamba la mdomoni linalofungwa kwa bolti), mngebadili mpira tu au tenki zima? Na mpira imara Gerezani unapatikana, au niagize?