Naomba ushauri: maji ya floridi kijijini kwetu Arumeru

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo kwa wenye uzoefu. Kijijini kwetu chini ya mlima Meru tumechanga hela kaya kwa kaya tupate maji, ila shida yetu sio uhaba tu, ni floridi, yaani madini yaliyozidi kwenye maji, watoto wakitabasamu meno yote ya kahawia na kuna wadogo miguu imeshapinda kabisa, inaniuma sana. Sasa kamati imegawanyika, wengine wanataka tuchimbe kisima kirefu na mimi naogopa maana huku kwetu miamba ni ya volkano, unaweza ukachimba ukaishia kupata floridi zaidi ya ile ya mtoni. Kina mama wengi bado wanaamini ukichemsha inatoka, jamani haitoki, maji yanapungua, floridi yenyewe inabaki palepale. Kiwango cha juu cha floridi cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Mimi naona tuanze na matenki ya kuvuna mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, ya kufulia tuendelee na haya haya. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nasikia kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameufanyia utafiti miaka mingi, ila wazee wengine hawataki hata kusikia maji yapite kwenye mifupa.

Aliyewahi kutumia hilo chujio, mkaa unabadilishwa baada ya muda gani na nani anabeba gharama? Na kusajili chombo cha watumia maji RUWASA (wakala wa maji vijijini) tuanzie wapi, kabla hela haijachimbiwa kisima?