MREJESHO: IEEE Xplore kudai hela nikiwa nje ya chuo

Wakuu, niliuliza kwa nini makala za IEEE Xplore (hifadhi ya mtandaoni ya makala za uhandisi wa umeme, elektroniki na kompyuta) zinafunguka maktaba lakini hosteli zinadai malipo. Limeisha.

Xplore inatambua anwani ya IP ya chuo (namba ya mtandao unaotumia), haikujui wewe. Ukitumia bando la simu, IP ni ya mtandao wa simu, kwa hiyo unahesabika mpita njia. Anzia tovuti ya maktaba, bofya IEEE kwenye orodha ya hifadhidata, ingia kwa akaunti ya chuo, ndipo utafute. Ukianzia Google unarudi kule kule kwenye kulipia.

Viwango vya IEEE (standards, yaani nyaraka za kanuni za kiufundi) ni habari nyingine, maana chuo kinaweza kuwa kimelipia makala tu. Hapo mpe mkutubi namba kamili na mwaka, mfano IEEE 519-2022. Ukisema “519” tu unaweza kuletewa toleo la 2014.